Gemu za wingu nimezilipia, PS bado iko chini ya runinga

Huduma ninayoizungumzia sitaitaja jina, kwa sababu matatizo niliyoyapata yana mikono mingi ndani yake: wao wenyewe, kampuni inayotuletea intaneti, na kuta nene za nyumba ya zamani tunayopanga. Sitaki kumbebesha mmoja mzigo wa wote. Aina yake mnaijua. Unalipa kila mwezi, gemu inaendeshwa na kompyuta za kampuni huko kwenye kituo chao cha data, na wewe unaletewa picha kwenye runinga, simu au kompyuta mpakato. Mashine ya kuchezea hununui. Pedi na intaneti, basi.

Naishi Reading, Uingereza, kama nusu saa kwa treni kutoka London. Seva haziko mbali, na laini yetu ya intaneti si mbovu. Nasema haya mapema asije mtu akaniambia tatizo ni bando.

Nianze na sifa, maana zipo. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kutosubiri. Mwenye PS, yaani PlayStation, konsoli ya Sony ya kuchezea gemu nyumbani, anajua: umerudi kazini umechoka, una saa moja tu ya kucheza, unawasha, mashine inakwambia kuna sasisho kubwa, kaa usubiri. Unakaa. Likimaliza kushuka, muda wa kulala umefika. Kwenye wingu hakuna hilo. Unabonyeza, muda si mrefu uko ndani. Nilicheza gemu za magari na za visa virefu kwenye kompyuta ya zamani ambayo hata kufungua kurasa nyingi za mtandao inahema, na picha ikatoka safi kabisa. Zile za kupanga mikakati, za kuwaza kwanza ndipo ubonyeze, zilikwenda bila kero yoyote. Ningekuwa mchezaji wa hizo tu, ningeisifu huduma na kunyamaza.

Tatizo mimi ni mtu wa mpira.

Unapokea pasi, beki yuko mgongoni, unataka kugeuka. Kwenye PS kidole na mchezaji ni kitu kimoja. Kwenye wingu mchezaji anageuka kachelewa kidogo tu, kiasi ambacho anayekutazama pembeni haoni chochote, ila beki ameshaondoka na mpira. Penalti ndiyo balaa zaidi. Kipa unamrusha kushoto, na unamwona akiruka wakati wavu umeshatikisika. Ukiendelea hivyo wiki kadhaa mikono inajifunza kubonyeza mapema, na ukirudi kwenye PS unakuta umeshaharibika: unapiga shuti mpira haujafika hata mguuni.

Sababu yake haina uchawi. Gemu nyingi za sasa zinaonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha inakaa milisekunde kama 17, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukibonyeza pedi, amri inapita kwenye ruta, inakwenda hadi kituo cha data, gemu inachora picha, picha inabanwa iwe nyepesi, inasafirishwa, inafumuliwa kwenye kifaa chako, ndipo runinga inaitoa, na runinga nyingine zenyewe nzito. Kila hatua inakata milisekunde zake. Zikishafika muda wa picha tatu au nne, kwa mtu wa mpira habari imekwisha. Konsoli inaruka sehemu kubwa ya safari hiyo kwa kuwa kila kitu kiko hapo hapo sebuleni.

Nilivuta waya kutoka kwenye ruta badala ya kutegemea Wi-Fi, na nafuu ilikuwa kubwa. Atakayejaribu huduma hizi aanzie hapo, na runinga aiweke kwenye hali ya gemu. Hata hivyo, ikifika saa mbili usiku, mwenzangu mmoja anatazama sinema, mwingine anaongea kwa video na mama yake aliyeko Moshi, picha inaanza kuvunjika. Nyasi za uwanja zinapotea, unabaki na bapa la kijani. Namba za migongoni hazisomeki, mpira wa juu unaacha mkia. Halafu inaganda. Ikizinduka, umeshafungwa na wapinzani wanashangilia kwenye kona.

Na data je? Google walipoanzisha Stadia, huduma yao ya gemu za wingu, mwaka 2019 walipendekeza kasi ya megabiti 35 kwa sekunde kwa anayetaka picha ya 4K. Piga hesabu: saa moja inakula karibu gigabaiti 16. Gemu kubwa ya gigabaiti 100 unaishusha kwenye konsoli mara moja, unaicheza mwaka mzima. Kwenye wingu, kwa kasi hiyo, saa sita na nusu zimeshakula kiasi kile kile, na kesho unaanza upya. Mimi hainiumi kwa sababu laini yetu haina kikomo. Anayeishi kwa bando la wiki hata asijaribu.

Nilipokwenda likizo nyumbani Tanga niliifungua kwenye simu nione. Ikanigomea: haipatikani katika nchi uliyopo. Hela wanakata kama kawaida, gemu hupati. Lakini hata wangenifungulia, isingechezeka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka pwani yetu hadi London ni takribani kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na nyaya za baharini hazinyooki. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70, picha nne nzima, na hapo seva haijafanya kazi yoyote. Dawa ni kituo cha data kilicho karibu, na vituo vya namna hii vinajengwa kwanza kule waliko wateja wengi wanaolipa kwa kadi.

Mpwa wangu alikuwa ameniangalia muda wote nikihangaika na simu. Akasema, "Mjomba, si twende tu kibandani?"

Tukaenda. Mashine tatu, moja kati ya hizo ni PS3 ambayo huku Ulaya ungeikuta jalalani. Feni ya mezani imeelekezwa nyuma ya mashine zisichemke. Pedi ya upande wangu ilikuwa imezungushiwa selotepu, na kale kastiki ka kushoto kamebadilishwa na fundi kakawekwa ka rangi nyingine. Anayefungwa anasimama, anayefuata anakaa. Mwenye kibanda aliniambia ile mashine kubwa aliinunua mkononi, imeshafunguliwa kwa fundi na kupulizwa vumbi sijui mara ngapi, na bado inamwingizia hela kila jioni. Kidole na mchezaji vilikuwa kitu kimoja. Mpwa wangu alinifunga vibaya, na safari hii sikuwa na intaneti ya kusingizia.

Hapo ndipo kwangu mimi lilipo jibu la kwa nini huduma hizi zinahangaika mbele ya konsoli, na halihusu milisekunde. Konsoli ni mali. Unaiazima, unaiweka rehani, unaiuza ukikwama kodi, unamletea mdogo wako kwenye sanduku. Ikiharibika kuna fundi. CD ya gemu ukiimaliza unabadilishana na jirani. Mashine moja inapita kwa wamiliki wanne na wote wanacheza. Wingu halina mtumba. Siku unayoacha kulipa huna kitu mkononi, hata kipande cha plastiki cha kumwonyesha mtoto.

Stadia ilikwenda mbali zaidi. Ilifunguliwa Novemba 2019 katika nchi 14 za Ulaya na Amerika Kaskazini, na gemu nyingi ulizozitaka ulizinunua humo humo, kwa bei ya dukani, juu ya usajili wa hiari wa pauni 8.99 kwa mwezi hapa Uingereza. Ni kama kupanga nyumba halafu ukajijengea makabati ukutani kwa hela yako. Septemba 2022 wakatangaza wanafunga, na Januari 18, 2023 wakazima. Niwape haki yao: walirudisha hela za gemu, na za vifaa vilivyonunuliwa kwenye duka lao, na ile pedi waliifungulia bluetooth ili iendelee kufaa. Usajili wa kila mwezi hawakurudisha. Na ule umiliki ulifumuliwa na tangazo moja la kampuni, jambo ambalo aliyenunua CD ya PS2 miaka ishirini iliyopita hajawahi kulihofia.

Wapo wanaosema Stadia ilikufa kwa sababu teknolojia haikuwa tayari. Sikubali. Desemba 2020 ilipotoka gemu ya Cyberpunk 2077, kwenye PS4 ilikuwa mbovu kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao wakaanza kurudisha hela za watu. Kwenye Stadia iliendeshwa vizuri. Na huo ulikuwa msimu ambao PS5 imetoka haipatikani, watu wanailangua kwa bei ya kutisha. Nafasi nzuri kuliko hiyo hutaipata. Miezi miwili haikupita, Februari 2021, Google wakatangaza kuzifunga studio zao wenyewe za kutengeneza gemu. Picha ilikuwa nzuri, watu hawakuhama. Wahamie wapi, wakati marafiki zao wote wako upande wa pili? Stadia inazaliwa, PS4 ilikuwa imeshauzwa zaidi ya milioni 100. Kundi langu la Jumamosi liko PS. Akaunti ziko huko, vikosi tulivyovijenga msimu mzima viko huko, na kelele za kuchambana kwenye maiki ziko huko huko. Mtu akiniambia nihame peke yangu, ananiambia nikacheze na kompyuta.

Kichekesho ni kwamba wakubwa wanaichukulia biashara hii kwa uzito kuliko sisi wachezaji. Microsoft, wenye Xbox, walipotaka kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, ilikuwa mamlaka ya ushindani ya hapa Uingereza iliyoweka mguu kuzuia Aprili 2023, hoja yake kubwa ikiwa hizi gemu za wingu. Waliruhusu Oktoba, baada ya haki za kutiririsha gemu za Activision kupelekwa kwa Ubisoft, kampuni nyingine ya gemu. Mimi nilikuwa nasoma habari ile huku nikingoja picha yangu izinduke.

Konsoli nazo sizitakasi. Kuna PS5 isiyo na mlango wa CD, na gemu unayoishusha kwenye hiyo huwezi kumwazima jirani wala kuiuza. Mashine zinapanda bei badala ya kushuka. Wakiendelea hivyo watajikuta wamelitupa wenyewe lile lililowafanya washinde. Ila ule unafuu wa wingu nao unayeyuka: Oktoba 2025 Microsoft waliupandisha usajili wa Game Pass Ultimate nchini Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Ndani yake kuna gemu nyingi na mengine zaidi ya wingu, sawa, lakini kwa bei hiyo ilikuwa dola 360 kwa mwaka, na mwaka ukiisha unadaiwa tena.

Nani namshauri ajaribu? Anayesafiri kikazi ndani ya Ulaya na kompyuta mpakato. Anayetaka kuonja gemu kabla ya kuinunua. Mzazi ambaye mtoto anataka gemu moja kwa likizo moja. Wawe na waya, wawe na laini isiyo na kikomo, na wasiwe watu wa mpira au wa ngumi, gemu ambazo milisekunde ndiyo kila kitu. Wengine wote, nunueni mashine, hata ya mtumba. Ila muiwashe mbele ya muuzaji, na stiki zote mbili mzijaribu kabla ya kutoa hela.

Usajili wangu nimeuacha uishe mwezi huu. Ile PS4 yangu naisafisha, kuna mtu anakwenda Tanga mwezi ujao na amekubali kuniwekea kwenye begi. Mpwa ameshauliza kama inakuja na pedi mbili.