NetLogo: Programu ya bure, madalali wa Kibaigwa na bosi anayetaka jibu moja

Nianze na bei ya NetLogo, programu ya kuigiza watu na masoko yao kwenye kompyuta, maana ndiyo mtakayoniuliza: ni bure. Siyo ile bure ya mwezi mmoja halafu unaombwa namba ya kadi ya benki. Unaipakua, unaiweka kwenye kompyuta, unaitumia hata bando likiisha. Uri Wilensky aliitoa mwaka 1999 na mpaka leo inatunzwa na kituo chake pale Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mimi ni mchumi, nafanya kazi za mipango hapa Dodoma, na laptop yangu ina RAM ya GB 4. Fundi wa Jamatini alishanishauri niistaafishe. NetLogo inakwenda humo bila kulalamika, ilimradi usiijaze watu kupita kiasi.

Watu wenyewe ndio biashara yake. Kwa njia tuliyofundishwa chuoni, ukitaka kujua sera itafanya nini unaandika milinganyo: mkulima mmoja wa wastani, mlaji mmoja wa wastani, soko linatulia. Kwenye modeli za mawakala, yaani za watu wa kuumba ambazo NetLogo inazijenga, hakuna mtu wa wastani. Unaumba wakulima mia nne, kila mmoja na magunia yake, madeni yake na haraka zake, unawapa kanuni za kuamua, unabonyeza, unakaa kuwatazama wakiuziana. Bei huiandiki wewe, inatokea humo humo. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 hata wakubwa waliitupia jicho njia hii. Novemba 2010 Jean-Claude Trichet, wakati huo rais wa Benki Kuu ya Ulaya, alisema wazi kwamba modeli walizozizoea hazikuwafaa sana mambo yalipoharibika, na hizi akazitaja miongoni mwa za kuangaliwa. Mwaka 2016 Benki Kuu ya Uingereza ikatoa utafiti wa soko la nyumba uliojengwa hivi, wenye wanunuzi, wapangaji na wale wanaonunua nyumba wapangishe, ili kupima kubana mikopo kunafanya nini kwa bei.

Ukiifungua mara ya kwanza usikimbilie kujenga ya kwako. Ina maktaba ya modeli zilizo tayari. Kuna moja inaitwa Simple Economy: watu 500, kila mmoja ana dola 100, na kila hatua mwenye hela anampa dola moja mtu yeyote yule. Hamna mwizi, hamna mvivu, hamna mtoto wa kigogo. Iache ikimbie kidogo uone: wachache wanarundika, wengi wanabakiwa na vijisenti. Niliionyesha ofisini wakati wa chai, na ubishi uliozuka ulipita ule wa Simba na Yanga. Mmoja mpaka leo anadai programu ina hila.

Ya kwangu ni ya alizeti, zao la huku kwetu na Singida. Swali: serikali ikipandisha ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, mkulima wa kijijini anapata nini? Ofisini jibu tunalo mdomoni siku zote: mafuta ya nje yakiwa ghali, mwenye mashine ya kukamua atauza ya kwake vizuri, kwa hiyo atanunua alizeti kwa bei nzuri. Nikaweka wakulima, madalali, wenye mashine, na kibao cha kuburuta cha ushuru. Majina unawapa mwenyewe. Unaandika breed [wakulima mkulima], wingi na umoja, na programu inakuelewa. Kanuni ya mkulima ni fupi: kama ada ya shule imefika na akiba haitoshi, anauza leo kwa dalali aliyeko mlangoni. Asipobanwa, anasubiri.

Nikaburuta ushuru juu. Bei ya mashineni ikapanda kama tunavyosema. Bei ya kijijini, pale penye dalali mmoja, ikasogea kidogo tu halafu ikagoma. Nikaongeza madalali, ikapanda. Nikarudisha dalali mmoja lakini nikaweka ghala linalotoa malipo ya awali, ikapanda tena, maana wale wenye ada hawakulazimika kuuza mwezi wa mavuno. Hapo ndipo programu hii inapoipita Excel kwa mbali. Jedwali langu la zamani lilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "bei ya mkulima", na dalali hakuwemo kabisa.

Nilimpelekea mjomba wangu, dalali wa nafaka Kibaigwa. Shikamoo, marahaba, akavaa miwani, akatazama vidoti vikizunguka.

"Sasa mama, hawa madalali wako hawana simu?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Huyu wa kijiji cha juu anatoa bei yake, wa chini anatoa yake. Sisi asubuhi kabla ya kutoka tumeshapigiana. Wote tunajua leo ni kiasi gani."

NetLogo ina kitu kinaitwa links, nyuzi za kuunganisha mtu na mtu. Mistari michache nikawapa madalali simu. Tofauti ya bei kati ya kijiji na kijiji ikapungua sana, jambo zuri kwa mkulima wa mbali. Ila ile faida ya kuongeza madalali ikayeyuka karibu yote: wako wengi, lakini wanataja bei moja. Mjomba aliposikia hivyo alicheka, akabadilisha mazungumzo.

Upande wa ukuaji niliugusa kidogo. Niliwapa wenye mashine kanuni kwamba wakipata faida misimu miwili mfululizo wananunua mashine ya kuchuja, na jirani akiona, anaiga. Ushuru ukikaa palepale, hata wa wastani, mashine zinaongezeka. Ukipanda na kushuka kila bajeti, hazinunuliwi, hata kama ukipiga hesabu ya wastani ushuru ni uleule. Utasema jibu nimelipika mwenyewe kwenye kanuni ya misimu miwili, na kiasi ni kweli. Lakini waulize wenye mashine wenyewe wanasubiri nini. Ushuru huu wa mafuta umeshabadilishwa zaidi ya mara moja kwenye bajeti za miaka ya karibuni.

Kasoro zipo. Maagizo yote ni ya Kiingereza, na ujumbe wa kosa unaweza kukuacha unatazama mabano dakika nzima. Ukifikisha wakulima maelfu mengi kwenye mashine kama yangu, inaanza kutambaa. NetLogo ya kwenye kivinjari (browser) inafaa kwa kuonjesha wanafunzi, ila usipopakua faili lako kabla ya umeme kukatika, pole. Kifaa chake cha majaribio, BehaviorSpace, ni kizuri mno: viwango vitano vya ushuru, idadi nne za madalali, kila mchanganyiko urudiwe mara thelathini, mizunguko 600, unaiacha usiku inakoroma yenyewe na asubuhi unachukua jedwali. Kurudia ni lazima, maana mzunguko mmoja una bahati nasibu ndani yake.

Kasoro kubwa haitokani na programu. Picha inayocheza inashawishi kuliko inavyostahili. Bosi mmoja, ofisi nisiitaje, aliangalia mzunguko mmoja tu, akauliza, "Kwa hiyo mwakani gunia litakuwa shilingi ngapi?" Nilimwambia hii haisemi shilingi ngapi, inasema dalali akiwa mmoja faida inaishia wapi. Akaagiza niweke shilingi kwenye taarifa. Sikuweka, na taarifa iko mezani kwake mpaka sasa.

Kama mnajua Python, lugha ya kuandikia programu, kuna Mesa ya kujengea modeli kama hizi, nayo ya bure, na kwa modeli kubwa ningehamia huko. Kwa anayeanza, NetLogo. Faili la modeli ni maandishi matupu, dogo kuliko picha ya simu, kwa hiyo anayetaka ya alizeti nitamrushia WhatsApp. Kanuni ya simu za madalali iko mwishoni. Izimeni kwanza, halafu iwasheni.