Miezi kumi na minane na Oxford ya mtumba: uzoefu wangu chuoni

Niliinunua kwa shilingi 15,000 kwa kaka mmoja wa mwaka wa nne aliyekuwa anafungasha kuondoka hosteli. Ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, Oxford Advanced Learner's Dictionary, toleo la 7, la mwaka 2005. Jalada linashikiliwa na selotepu na kurasa za mwisho zimelegea, lakini maneno ya X na Z nani anayahitaji? Nasoma sheria, mwaka wa pili.

Kabla yake nilikuwa na programu ya bure ya simu, Kiingereza kwenda Kiswahili. Haili bando na jibu linakuja hujamaliza hata kuandika neno, ndiyo maana pale kwenye vimbweta, vile viti vya nje tunakosomea, karibu kila mtu anayo ya namna hiyo. Unatafuta, unashika neno la kwanza, unarudi kwenye kitini. Tabia hiyo ndiyo iliyoniponza. Semina ya sheria ya mikataba, muhula wa kwanza, nikakutana na "consideration". Simu ikaniambia: fikira, kujali, huruma. Nikachukua huruma, nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba makubaliano yasiyo na huruma ni batili. Kwa asiyesoma sheria: neno hilo kwenye mikataba ni kile chenye thamani ambacho kila upande unatoa ili upate cha mwenzake. Wewe machungwa, mimi shilingi elfu mbili. Huruma haimo. Jina la "Wakili Huruma" ninalo mpaka leo.

Nilipoipata Oxford neno la kwanza kulitafuta lilikuwa hilohilo. Maana ya malipo ipo, ila imewekwa chini, baada ya fikira na kujali. Kwa hiyo hata na kamusi nzuri, kama ningeishia mstari wa kwanza ningeaibika vilevile. Na kwa kazi ya sheria hiyo bado haitoshi, tafsiri yenyewe imo kwenye Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Kamusi ingeniokoa na kicheko tu, lakini kicheko cha darasa la watu mia mbili si kidogo.

Faida yake kubwa niliigundua kwenye kuandika. Sisi tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili tunaandika Kiingereza huku Kiswahili kinaimba kichwani. Unajadili kuhusu jambo, basi unaandika "discuss about". Fungua "discuss" humu, utakuta onyo limeandikwa waziwazi kwamba hiyo "about" haitakiwi. Nililiona nikacheka, maana nilikuwa nimeiweka kwenye kila kazi niliyowahi kukusanya. Halafu kuna herufi ndogo kwenye mabano, C na U. Nilizipita miezi miwili nikidhani ni mambo ya wachapaji. Kumbe U maana yake neno halihesabiki: "advice", "equipment", "furniture". Ukiwa na shauri moja na mashauri matano unaona haki yako kuongeza s, na hata kwenye matangazo ya ubao wa chuo utazikuta "equipments" zimejaa. Siku hizi nafungua kamusi kutafuta sentensi za mfano kuliko maana. Naangalia neno linakaa na kihusishi gani, basi.

Maelezo yake yameandikwa kwa maneno mepesi, yanayotoka kwenye orodha ya maneno 3,000 ya msingi ambayo humu yamewekewa alama ya ufunguo. Mwanzoni nilichoka. Unatafuta neno moja, maelezo yana jingine usilolijua, unalifuata hilo nalo, ukishtuka umepoteza nusu saa na kesi hujaisoma. Ilipungua baada ya muhula mmoja hivi. Mwenzangu wa chumbani alijaribu wiki moja akarudi kwenye simu yake, na simlaumu. Ana kesi kumi za kusoma kwa wiki.

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ile iliyotoka mara ya kwanza 1996, sijaiacha. Naisomea maktaba. Kwenye kusoma tu, ambako unataka kuelewa haraka na kusonga mbele, inashinda Oxford. Na tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, nahitaji kujua hilo neno la Kiingereza nitalitamkaje mbele ya hakimu kwa Kiswahili. Hapo Oxford ni bubu.

Matamshi nayo. Alama zake zile za fonetiki kwenye karatasi sikuzielewa, nikawa natamka "determine" kama "ditamaini" mbele ya watu, mpaka dada mmoja akanivuta pembeni. Kamusi hiyohiyo ipo mtandaoni bure, unabonyeza spika unasikia Mwingereza na Mmarekani. Kwa hilo bando langu naliruhusu liliwe.

Kasoro nyingine: ni nzito kama tofali, herufi ni ndogo kwa taa ya hosteli, na kwa umri wake hata "selfie" haimo. Kwenye chumba cha mtihani haiingii, kwa hiyo kama unategemea kuibeba badala ya kuisoma, utasapu tu, yaani utafeli na kurudia mtihani.

Nyota nne kati ya tano kwa anayeandika. Kwa anayetaka kuelewa kitini cha kesho asubuhi, nyota mbili, akachukue ya TUKI. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza ameshaniuliza nitaiuza lini. Nimemwambia 20,000, selotepu ni mpya.