La Roque-Gageac: ukodi mtumbwi au upande gabare?

Wanaofika kijiji hiki cha kusini-magharibi mwa Ufaransa, kilichobanwa kati ya jabali na mto Dordogne, hubishana hilo kila kiangazi.

Gabare ni mashua yenye tako bapa, mfano wa zile zilizosafirisha mvinyo na mbao zamani. Unakaa takriban saa moja, mwongozaji anasimulia, unarudi ulipopandia. Kwa mzee, mtoto mchanga au asiyejua kuogelea, hapa hakuna mjadala.

Mtumbwi unadai mabega na kofia (jua la Julai halina adabu), lakini mkondo unakusaidia. Unateremka hadi chini ya ngome ya Castelnaud, kisha Beynac, mahasimu wa Vita vya Miaka Mia Moja kati ya Ufaransa na Uingereza, ukitia nanga kwenye ufuko wa kokoto upendapo. Kurudi, wakodishaji wengi hukuchukua kwa basi dogo; uliza kabla ya kulipa. Bei huongezeka kadiri ya umbali, ila kwa nusu siku nzima mtoni mimi naona inalipa.

Mvua ikinyesha sana mto hufura, na mitumbwi ndiyo husimamishwa kwanza. Mwenye siku moja tu aweke gabare akiba.