Kibiriti kipi cha kununua Mombasa

Usianze kwa kuhesabu njiti. Anza kwa kutazama ubavu wa kasha. Kichwa cha njiti kina klorati ya potasiamu, kemikali inayochochea moto, lakini fosforasi nyekundu, ile ya kuanzisha moto, imepakwa ubavuni, ikachanganywa na unga wa kioo. Ukikwaruza, joto la msuguano hugeuza chembe ya fosforasi hiyo kuwa fosforasi nyeupe, inashika moto papo hapo, na kichwa kinadaka. Gustaf Erik Pasch wa Uswidi alipata hataza ya mpango huo mwaka 1844, na ndio unaozuia njiti kujiwasha mfukoni. Basi ubavu ukilowa, kasha zima limekufa. Na hapa kwetu, masika yakianza hadi kusi kuvuma, unyevu huingia kila mahali.

Namba moja kwangu ni kasha la kawaida la njiti za mti, lenye ubavu wa kuwashia pande zote mbili. Linawasha makaa, ubani, mshumaa na jiko la gesi. Nunua duka ambalo bidhaa hazilali, kama yale ya Kongowea au Marikiti, si pale makasha yalipopangwa kando ya pipa la maji. Lifungue: vichwa visimeguke wala kushikana, njiti zinyooke, ubavu usichubuke ukiupitisha kidole. Mwambie mwenye duka, "Hebu niwashe moja nione." Muuzaji muungwana hatakataa.

Namba mbili, kiwashio cha cheche cha jiko la gesi. Hakina njiti za kulowa, ila kwa makaa hakikufai kitu. Tatu, laita: nzuri, lakini usiiache garini juani, yaweza kupasuka. Za mwisho ni njiti za karatasi. Zapinda kabla hazijashika.

Kwenye gesi, washa njiti kwanza ndipo ufungue jiko. Ukinusa gesi imevuja, usiwashe chochote, hata kiwashio cha cheche wala swichi ya taa; funga mtungi, fungua madirisha, toka nje.

Funga kasha kabla ya kukwaruza, kwaruza ukielekeza mbali nawe, kisha kinga moto kwa kiganja. Kasha likae ndani ya mkebe wenye kifuniko cha kubana, juu ya kabati, watoto wasipofika.