PlanktoScope: picha nzuri, hesabu za kuangaliwa mara mbili

PlanktoScope ni hadubini ya kupiga picha za planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini. Michoro na programu zake ni za bure, makala ya kuieleza ilitoka 2022, na ubongo wake ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Pampu inavuta maji hadi kwenye chemba nyembamba ya kioo, inasimama, kamera inapiga picha huku taa ikimulika kwa nyuma, kisha maji yanasogezwa tena. Kwa maabara isiyo na fedha za mashine za viwandani, tunaipendekeza bila kusita. Hesabu zake ndizo zinazotaka mtu makini.

Lenzi ni mbili za M12 (skrubu ya mm 12): ya mm 25 upande wa kamera na ya mm 16 upande wa sampuli. Gawanya, unapata ukuzaji wa mara 1.56. Kwa kamera ya megapikseli 8 yenye pikseli za mikroni 1.12 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kila pikseli inawakilisha mikroni 0.72 hivi. Ndiyo maana kiumbe cha mikroni 5 hutoka na upana wa pikseli 7 tu, yaani doa. Eneo lake la kujidai ni mikroni 20 hadi 200.

Picha moja inafunika mm 2.35 kwa 1.77. Chemba ikiwa na kina cha mm 0.3, hiyo ni mikrolita 1.25, na picha 400 ni nusu mililita tu! Basi koleza sampuli kwa wavu wa mikroni 20 na uandike lita ngapi zimepita wavuni. Bila namba hiyo huwezi kupata idadi kwa lita.

Kabla ya kuingiza, pitisha sampuli kwenye chujio la mikroni 200, maana kopepodi mmoja, mdudu mdogo wa majini jamii ya kamba, anatosha kuziba chemba. Hapo ndipo pwani yetu ina mtego wake. Msimu wa kaskazi Trichodesmium, bakteria wa baharini wanaojikusanya mafungu, huwa tele, na mafungu yake hubaki kwenye chujio. Yanayopita nayo yana vifuko vidogo vya gesi, hivyo huelea juu ya chupa huku diatomu (mwani wa seli moja) zikizama chini. Usipotikisa taratibu muda wote, picha za mwanzo na za mwisho zitakuwa kama za bahari mbili tofauti. Yaliyobaki kwenye chujio yahesabu kando kwa hadubini ya kawaida.

Mapovu ndiyo kero kubwa. Sampuli iliyotoka kwenye friji ikipata joto ndani ya chemba huachia hewa, na povu hutokea kama duara lenye ukingo mweusi ambalo programu hulikata kama kiumbe. Iache kwanza ifikie joto la chumba. Kero nyingine ni diatomu iliyoganda kwenye kioo: ukiiona mahali palepale katika picha ya 40, 41 na 42, imehesabiwa mara tatu. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwani fuwele zilizokauka zitaingia kwenye hesabu ya kesho.

Kwa kulinganisha, kifaa cha LISST-200X hupima chembe za mikroni 1 hadi 500 kwa leza, ndani ya maji yenyewe, lakini haikupi picha. Tope la mto na diatomu kwake ni ukubwa tu. Picha za PlanktoScope unazipeleka EcoTaxa, tovuti ya kupanga picha za planktoni; mfumo unapendekeza majina, wewe unathibitisha. Anza kwa kutenga mapovu.