Adventure Lab kwenye magofu ya Gede: uzoefu wangu

Kwa wageni wanaotaka kuzunguka Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, pwani ya Kenya, kwa mwendo wao wenyewe, mchezo wa simu ninaoupendekeza kwanza ni Adventure Lab. Unatoka kwa kampuni ile ile inayoendesha geocaching, mchezo wa kusaka makopo yaliyofichwa ulioanzia Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya Marekani kuondoa kizuizi kilichokuwa kikipotosha GPS (vipimo vya setelaiti vinavyoonyesha mahali ulipo) za raia. Kwenye Adventure Lab hakuna kopo. Unafika mahali, unajibu swali, unapata maelezo. Mahali pa kale hilo ndilo la msingi, kwa sababu msaka kopo hupekua mawe na kupanda kuta, na ukuta wa matumbawe na chokaa uliosimama karne kadhaa haustahimili kukanyagwa. Gede imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2024. Haifai kuchezewa ovyo.

Uchezaji wenyewe ni rahisi. Pakua programu, fungua akaunti ya bure, kisha kwenye mipangilio ya simu iruhusu ione mahali ulipo kwa usahihi kamili. Watu wengi huruhusu mahali pa kukisia tu, halafu wanashangaa kituo hakifunguki hata wakikaribia vipi. Matembezi huyapata kwenye ramani au kwa kuskani msimbo. Kwa kawaida yana vituo 5, na mtengenezaji anaamua kama vifuatwe kwa mpangilio au mtu aanzie anapotaka. Fungua matembezi ungali langoni, picha zote zipakie kabla hujaingia chini ya miti.

Hiyo miti ndiyo inayoleta shida kubwa kuliko zote. Gede imefunikwa na msitu: mibuyu na miti mingine mirefu imeota hadi ndani ya nyumba za zamani, na majani yanazuia mawimbi ya setelaiti. Uwanjani simu hukosea mita chache tu, lakini chini ya majani, hasa yakiwa yamelowa mvua, kosa linaweza kufika mita 20 na nukta yako ikaanza kurukaruka kwenye ramani. Kila kituo kina duara ambalo ni lazima uwe ndani yake ndipo kifunguke, na kituo chenye duara la mita 10 kitamsumbua mgeni aliyesimama pale pale panapotakiwa. Ukiwa mtengenezaji na ukalitanua hadi mita 50, unaingia kwenye tatizo jingine: nyumba za karibu na kasri zimebanana, maduara yao yanapandana, na mtu anajibu swali la nyumba ya tatu akiwa bado uani mwa nyumba ya kwanza. Mimi naona mita 30 hivi zinatosha, ila nukta ya kituo iwekwe penye uwazi, kama uani au mbele ya msikiti, isiwekwe katikati ya chumba. Nawe mchezaji, kituo kikigoma kufunguka, simama dakika moja simu ikiwa mkononi, usiwe umeitia mfukoni. Kutembea huku na huku hakusaidii.

Uzuri au ubovu wa mchezo wote unategemea maswali. "Mji ulichimbuliwa na nani?" ni swali baya, kwa kuwa jibu lake, James Kirkman, kuanzia 1948, linapatikana mtandaoni bila kuinua macho. Swali zuri linamlazimisha mgeni autazame ukuta. Juu ya tao la mlango mmoja wa Msikiti Mkuu kumechongwa mkuki. Muulize mgeni ni silaha gani iliyochongwa, usimwambie ni mlango upi, na utamwona akizunguka msikiti mzima, akipita kibla na kisima. Akishajibu ndipo umweleze mambo ya udhu na maji. Kaburi lenye tarehe nalo linafaa sana: mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Mwache mgeni apige mwenyewe hesabu ya umri wa kaburi. Nyumba zilizopewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama ile ya mkasi au ile ya bakuli la kaure, ziulizwe pamoja na jumba la makumbusho, ili mtu aone kitu halisi kisha aende mahali kilipotoka. Hapo ndipo biashara ya China na pwani yetu inapoacha kuwa sentensi ya kitabu.

Majibu ya kuandika yanakwamisha watu kwa herufi. Mmoja anaandika "mkuki", mwingine "mkuki mmoja", na wa pili anakataliwa ingawa amepata. Tumia majibu ya kuchagua, au namba. Maelezo unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, na uyaandike, maana wanafunzi wa Malindi na Kilifi wanaostahili kuijua Gede kwanza hawapaswi kuisoma kwa lugha ya watalii. Maneno 100 kwa kituo yanatosha. Zaidi ya hapo mtu anasoma simu na kuliacha gofu.

Betri huisha haraka kwa sababu GPS na mwanga wa kioo hufanya kazi muda wote, kwa hiyo beba chaja ya mkononi. Kundi la wanafunzi liwe na simu moja kwa watoto watatu, wapokezane kila kituo. Na jihadhari na kima: ukishika simu mkono mmoja na ndizi mkono wa pili, ndizi si yako tena.

Kucheza ni bure, lakini kutengeneza matembezi kunahitaji idhini ya kampuni, na si kila akaunti huipata. Idhini hiyo haichukui nafasi ya ruhusa ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao ndio wasimamizi wa eneo. Zungumza nao mapema, wakuonyeshe njia zinazoruhusiwa na kuta zilizo dhaifu. Usitegemee vibao katika maswali. Kibao kikibadilishwa au mti ukiangukia njia, kituo kinakwama kwa kila atakayefuata, hivyo yapitie matembezi yako kwa miguu kila baada ya masika.