Tahadhari Mwanza: mashine ya kutobolea barafu inauzwa kama mashine ya kuchimba mashimo ya nguzo

Ndugu zangu mnaojenga fensi, mnaopanda miti na mnaosimamisha mabanda pande za Mwanza, naomba msome hili kabla hamjatoa hela mfukoni. Kuna mashine za petroli za mtumba zinauzwa hapa mjini kwa jina la mashine ya kuchimba mashimo. Mwezi uliopita nilinunua moja kwa shilingi 650,000. Si mashine ya udongo. Ni mashine ya kutobolea barafu, ile wanayotumia wavuvi wa nchi za baridi kali maziwa yao yanapoganda. Na aliyeniuzia alijua anachoniuzia, nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Kazi yangu ni fensi. Siku zote tunachimba kwa mtalimbo, na vijana wawili wakifanya kazi vizuri kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, wanatoa mashimo 25 mpaka 30 kwa siku. Ardhi ikiwa ngumu, nusu ya hapo. Nilikuwa nimepata kazi ya kiwanja cha ekari mbili kule Kisesa, nguzo 140 za mkaratusi, na mwenye kiwanja alitaka imalizike kabla ya mvua. Ndiyo maana nilipoona mashine ile, keekee kubwa ya parafujo yenye injini juu na mikono miwili ya kushikia, niliona imekuja kwa wakati wake.

Nilimpigia muuzaji kwanza kumwambia nipo njiani. Nilipofika akanipokea vizuri: "Karibu kaka, hii ni ya Kanada, imekuja na kontena. Shimo moja dakika moja." Akavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Akaielekeza kwenye rundo la mchanga mbichi mbele ya duka, ikazama mpaka karibu na mikono. Nikalipa.

Kuna jambo nililipuuza pale pale. Wakati wa kuipakia kwenye bajaji kiganja changu kiligusa sailensa, pale moshi unapotokea, nikaungua mpaka ngozi ikababuka. Injini iliyowashwa kwa nusu dakika ni nadra kupata moto wa namna ile. Naamini baada ya simu yangu iliwashwa ikapashwa moto, ikanisubiri. Injini ndogo ya tu-stroki, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, ikishapata moto mara nyingi huwaka kirahisi hata kama ina ugonjwa. Ugonjwa wake unaonekana asubuhi, ikiwa imelala baridi.

Na asubuhi ya kesho yake Kisesa tukauona. Tulivuta kamba mpaka mabega yakauma. Ilipokubali ilitoa moshi mweusi, ikawa inanguruma halafu inapoteza nguvu, ukiipa mafuta inakohoa. Tukaishusha kwenye ardhi. Visu vikateleza juu ya udongo vikiusugua mpaka ukang'aa, bila kuingia. Tukaikandamiza watu wawili, ikaingia kama kiganja kimoja, ikagonga jiwe, na mikono ya mashine ikazunguka ghafla na watu wake. Kijana wangu mmoja aliteguka kifundo cha mkono, akakaa wiki nzima bila kufanya kazi. Wiki hiyo nilimlipa, kwa sababu mimi ndiye niliyemshikisha mashine ile. Hili ndilo linaloniuma kuliko hela.

Mashimo matatu tu tulitoa siku ile, na la tatu tulimalizia kwa mtalimbo.

Nilidhani tatizo ni injini, kwa hiyo nikaanza kuhangaika nayo. Nikamwaga petroli yote niliyoikuta ndani, nikachukua mpya kituoni, nikachanganya oili ya 2T kama kifuniko kinavyosema, 40:1, yaani mililita 25 kwa lita moja. Nikafungua plagi. Ilikuwa imelowa na nyeusi tititi. Nikaisafisha, nikailaza juu ya silinda, nikavuta kamba, cheche ikaruka ya bluu. Moto upo, petroli ipo, na bado haiwaki.

Jioni binti wa dada yangu akaipiga picha na simu akatafuta intaneti. Picha iliyokuja ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyevaa koti zito, amekaa kwenye ndoo katikati ya uwanda mweupe, mbele yake tundu la mviringo lenye maji meusi, na pembeni imesimama mashine yangu. Akaniambia, "Mjomba, hapo ni ziwani. Amekaa juu ya maji."

Kule Kanada, Finland, na majimbo ya kaskazini mwa Marekani kama Minnesota, uso wa ziwa huganda kiasi cha watu kutembea juu yake. Wenyewe husisitiza barafu safi iwe na unene wa walau sentimita 10 kabla mtu hajaikanyaga, na katikati ya msimu hupita hapo mbali. Mvuvi hutoboa tundu la upana wa kama sentimita 20, akashusha ndoano. Kwa kazi hiyo mashine ni nzuri, sina ubaya nayo. Ila ziwa letu haligandi na halitaganda, na mimi nachimba udongo.

Usiku ule nilifanya kosa jingine ambalo nataka wenzangu wasilirudie. Nilifuata maelekezo ya kwenye intaneti ya mashine hiyo inapogoma kuwaka. Maelekezo yote yalisema funga choki kabisa, yaani kile kizibo kinachopunguza hewa ili petroli izidi, bonyeza kile kipira cha kusukumia petroli mara kadhaa, vuta, rudia. Nikafanya hivyo mpaka petroli ikaanza kuchuruzika kwenye sailensa. Maelekezo yale hayana uongo. Yameandikwa kwa mtu aliye kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambako petroli haigeuki mvuke kirahisi, matone ya maji yaliyo ndani ya petroli huganda na kuziba kabureta, na mashine ikitolewa kwenye nyumba yenye joto kupelekwa nje huvuja jasho ndani. Mtu huyo anahitaji kuilisha injini yake zaidi. Mimi nilikuwa naimwagia petroli injini iliyokwisha kunywa kupita kiasi.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa Kirumba, anayetengeneza injini za mitumbwi. Hakuivuta kamba hata mara moja. Aliiweka chini, akatoa plagi akainusa, halafu akafungua kile kifuniko cha pembeni ambapo nilitegemea kukuta chujio la hewa. Hapakuwa na chujio. Ni mdomo wa kabureta mtupu. Akaingiza kidole, akanionyesha: ncha ya kidole ilikuwa na tope jekundu, vumbi la Kisesa lililochanganyika na oili. Siku moja tu ya kazi.

"Mwanangu," akasema, "hiki ulichokuwa unailisha ni msasa."

Akanieleza, na baadaye nilipochunguza nikakuta ndivyo ilivyo. Mashine nyingi za barafu hutengenezwa bila chujio la hewa, kwa sababu juu ya barafu hakuna vumbi, na chujio lingenasa theluji likaganda na kuinyima injini pumzi. Ukiileta kwenye ardhi yetu, vumbi lote linaingia moja kwa moja, linasaga pistoni na ringi zake. Jambo la pili ni kabureta. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo kiwandani huipangia injini petroli nyingi ili ilingane na hewa hiyo. Hapa Mwanza mchana joto ni nyuzi 28 au zaidi, tena tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi. Hewa imepungua, petroli iko vile vile, injini inapoteza nguvu. Moshi mweusi na plagi iliyolowa vinatoka hapo.

Sasa visu. Hapa ndipo kila mtu anaweza kuitambua mashine hii kwa macho, hata asiyejua injini. Inama uangalie mdomo wa keekee. Ya barafu ina visu bapa, kwa kawaida viwili, vikali kama jino la randa ya seremala. Ukipitisha karatasi inakatika. Kazi yake ni kuparua barafu ikitoka kama unga. Ya udongo ina ncha nene katikati, mara nyingi imepasuka kama mkia wa samaki, ya kushika ardhi isiteleze, na pembeni ina meno mazito ya chuma kigumu ambayo hayakati karatasi wala hayahitaji kukata. Visu vya mashine yangu, baada ya mashimo yale matatu, makali yake yalikuwa yameviringika kama ukingo wa kijiko.

Nilirudi dukani na mashine. Nikamwambia muuzaji haichimbi, injini inazima, na kijana wangu ameumia. Sikusema zaidi ya hapo, maana nilitaka nimsikie yeye kwanza. Akanijibu hivi, na vijana wake wawili walikuwepo: "Kaka, barafu ni ngumu kuliko udongo. Inayotoboa barafu itashindwaje udongo?"

Neno barafu mimi nilikuwa sijalitaja.

Halafu nikamwonyesha ubavu wa injini, pale lebo ilipokwanguliwa na bisibisi. Waliokwangua hawakumaliza: umebaki mkia wa samaki na nusu ya alama ya theluji. Akasema bidhaa ya mtumba ikishatoka dukani hairudi. Na lile neno lake la ugumu lisiwapoteze. Barafu ni ngumu lakini ni safi, ni kitu kimoja kuanzia juu mpaka chini. Udongo una mchanga, kokoto na mizizi, na mchanga peke yake unatosha kumaliza makali yale kwa dakika chache.

Nilimuuliza yule fundi kama injini inaweza kuokolewa. Alisema inawezekana: atengeneze mahali pa chujio, apunguze petroli kwenye kabureta, na itafutwe keekee halisi ya udongo. Tulizunguka nayo kutafuta keekee, zote tulizozikuta tundu lake halikulingana na shafti hii, kwa hiyo ingebidi ichongwe kwa mtu wa leti. Ukijumlisha gharama hizo na hela niliyokwisha toa, ningepata mpya ya udongo yenye chujio lake. Nimeiweka stoo. Kisesa tumemaliza kwa mtalimbo, tumechelewa siku tisa.

Kwa anayetaka kununua mashine ya mashimo wiki hii: usimpigie muuzaji kumwambia unakuja. Nenda ghafla, na kabla haijawashwa weka mkono karibu na sailensa. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Fungua kifuniko cha kabureta umwombe akuonyeshe chujio, liwe sponji au karatasi, ulione kwa macho. Angalia mdomo wa keekee kama nilivyoeleza. Halafu kataa rundo la mchanga. Kila kitu chenye umbo la parafujo kinazama kwenye mchanga uliomwagwa. Mwambie aijaribu kwenye ardhi iliyokanyagwa, hata kando ya barabara, na kama anakataa una jibu lako. Ukiona popote picha ya samaki au theluji, au pamekwanguliwa, usinunue hata akishusha bei mpaka nusu. Kwangu alisema picha ya samaki maana yake inafaa watu wa ziwani.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na iandikwe kazi ya mashine: "ya kuchimba udongo". Risiti yangu ni ya mkono, imeandikwa "mashine 1", na hapo ndipo ananibania. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa hizo kazi anayotaka kuifanya na akategemea ujuzi wake. Bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Mimi nilimweleza, mbele ya dereva wa bajaji. Nimepeleka shauri kwa mtendaji wa mtaa, na naandaa malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Jina la duka silitaji hapa mpaka shauri liishe, lakini alama nilizowapa zinatosha kuitambua mashine yenyewe popote mtakapoikuta, maana sidhani kama ipo duka moja tu.

Kama tayari umenunua, usivute kamba tena kabla fundi hajaangalia ndani, kila dakika inayofanya kazi kwenye vumbi inaimaliza. Na usimpe kijana aishike peke yake. Tunza risiti, piga picha ya ile lebo kabla hujairudisha dukani, na uniandikie hapa chini. Tukiwa wengi mtendaji atatusikiliza kwa uzito mwingine. Nilipotoka pale dukani mara ya mwisho zilikuwa zimebaki mbili, zimefunikwa turubai la bluu nyuma ya majenereta, na kijana mmoja alikuwa anazipuliza rangi ya kijani.